Kansa ni ileile, mbona wazee wawili wamepewa dawa tofauti?

kitindamimba: Wakuu habari zenu. Mzee wangu ana kansa ya tezi dume, imeshafika kwenye mifupa. Anachoma sindano ya homoni kila miezi mitatu na PSA (kile kipimo cha damu cha tezi dume) imeshuka vizuri tu, ila usiku halali, jasho linamtoka mpaka anabadilisha fulana mara mbili halafu dakika kumi mbele anasikia baridi anaomba blanketi. Sasa daktari anataka kumuongezea vidonge vya enzalutamaidi, wakati mwenzake wanayekaa naye foleni kliniki kapewa abirateroni. Inakuwaje? Au wanajaribishia tu?

Nesi_mstaafu: Hawajaribishi mwanangu. Sindano ndo msingi, inazima testosteroni ya kwenye korodani, ile homoni ya kiume inayoilisha kansa. Kidonge cha kuongezea ndo kinachaguliwa kwa kumwangalia mtu mwenyewe. Abirateroni inaenda pamoja na prednisoloni, dawa ya steroidi, ambayo inapandisha sukari, na yenyewe inaweza kupandisha presha na kushusha potasiamu, kwa hiyo mtu wa sukari au moyo uliochoka wanamfikiria mara mbili. Enzalutamaidi haihitaji prednisoloni, ila aliyewahi kuwa na kifafa wanaiogopa, na wazee wengine inawachosha mpaka wanaanguka. Mzee ana sukari?

kitindamimba: Anayo, miaka mingi. Kumbe!

Dada_mkubwa: Basi ndo jibu lako hilo. Ila wapelekee dawa ZOTE anazokunywa, hata za sukari na za kuyeyusha damu, maana enzalutamaidi inafanya baadhi ya dawa nyingine zisifanye kazi sawasawa. Sisi baba mdogo alikuwa wa abirateroni, tukawa tunampa na chakula tukidhani tunamlinda tumbo, kumbe inatakiwa tumbo tupu, chakula kinaifanya iingie mwilini nyingi kupita kiasi. Hakuna aliyetuambia, tumekuja kusoma wenyewe kwenye kikaratasi cha ndani ya boksi!

babu_kimya: Mimi sindano ya kwanza nilichomwa bila kutanguliziwa vidonge vya kuizuia testosteroni, ikapanda kwanza kabla ya kushuka, wiki mbili mgongo uliwaka moto sitasahau. Baadae nikaona ya nini, nikaomba watoe korodani yaishe. Jasho lakini ni lilelile kijana nisikudanganye. Mwambie daktari, kuna dawa za kulipunguza, wazee tunaona aibu kulisema.

kitindamimba: Nimemsomea mzee, hapo kwenye korodani kacheka mpaka kakohoa. Jumatatu tunaenda na mfuko wake wa dawa wote. Na la jasho kasema atalisema mwenyewe.