Ulinganisho: mashabiki wa Sega, Nintendo na Xbox, nani walibeba kampuni yao na nani ilishindikana?

mzee_wa_pedi
Wakuu habari za jioni. Nabishana na mdogo wangu toka juzi na hakuna anayetaka kushuka. Yeye anasema kampuni ya konsoli (mashine za gemu) ikishapata mashabiki kindakindaki haifi, mi namwambia mbona Sega ilikuwa na watu lialia kabisa na 2001 ikaaga konsoli moja kwa moja. Naomba tulinganishe kesi tatu tu tusitawanyike: Sega na Dreamcast yake, Nintendo na Wii U, Microsoft na Xbox One. Zote tatu ziliyumba vibaya. Moja ikatoka, moja ikapaa, moja bado inahangaika. Mashabiki walifanya nini kwenye kila moja, na je ilisaidia?

chuma_64
Mkuu kwa Sega lazima turudi nyuma, maana watu wanaanza stori kwenye Dreamcast wakati ugonjwa ulishaingia miaka minne mitano kabla. Mega Drive, konsoli yao ya zamani, iliuza kama milioni 30, kule Marekani walikuwa wanakabana koo na Nintendo kweli kweli. Ikaja Mega-CD, kifaa cha kuiongezea uwezo wa kusoma CD, watu wao wakanunua. Mwishoni mwa 1994 ikaja 32X, kile kidude cha kuchomeka juu ya Mega Drive, watu walewale wakaingia mfukoni tena. Sasa sikia, Mei 1995 kwenye maonyesho ya E3 Los Angeles Sega wanatangaza Saturn, konsoli yao mpya, ipo madukani kuanzia leo, dola 399, wakati watu walishaambiwa wasubiri Septemba, yani yule aliyenunua 32X krismasi hata nusu mwaka haujaisha anaona mashine nyingine imeshaipiku na gemu za 32X zinakauka. Siku hiyohiyo akapanda jukwaani mtu wa Sony, akataja namba moja tu, 299, akashuka. Maduka ambayo hayakupewa mzigo wa Saturn nayo yalikasirika, kuna mengine yakaacha kabisa kuuza vitu vya Sega.

Kwa hiyo Dreamcast inaingia Marekani tarehe 9 Septemba 1999 kwa dola 199, mashine nzuri, modemu iko ndani tayari, na mashabiki WALITOKEA, mauzo ya siku ya kwanza yalikaribia dola milioni 100. Hapo ndo namjibu mdogo wako. Siku ya kwanza ni ya mashabiki, haikuwa na shida. Shida ilikuja mwezi wa sita, wa kumi, pale unapomhitaji mtu wa kawaida ambaye hana timu. Huyo alikuwa anaisubiri PS2 kwa sababu inacheza na DVD, na EA, watengenezaji wakubwa wa gemu, hawakupeleka gemu zao Dreamcast kwa hiyo hata mpenzi wa Madden, gemu yao ya mpira wa Kimarekani, hakuwa na pa kwenda. Machi 2001 uzalishaji ukasimama, jumla kama milioni 9. PS2 ikaja kuvuka milioni 150.

Na shabiki mkubwa kuliko wote alikuwa mwenyekiti wao mwenyewe, mzee Isao Okawa. Alitoa hisa zake binafsi zenye thamani ya karibu dola milioni 700 ili kampuni isizame, akafariki Machi hiyohiyo ya 2001. Mimi nikiisoma hiyo naumia mpaka leo.

banda_la_moro
Naongea kama mwenye banda la gemu. Nilianza na PS2 tatu, saivi nina PS4, na vijana wangu ukiwaletea mashine nyingine hawaigusi, wanataka pedi ileile na mpira uleule. Huo si ushabiki? Ni ushabiki. Ila zile PS2 zote zilikuwa zimechipiwa, yani zimewekwa chipu ya kusoma gemu feki, na CD za Winning Eleven tulinunua mtaani. Kampuni inayotengeneza konsoli haipati faida kwenye mashine, mara nyingi inaiuza kwa hasara au kwa faida kiduchu, hela iko kwenye gemu. Kwa hiyo mtaa mzima wa mashabiki wangu kule makao makuu ulikuwa hauonekani kwenye vitabu.

Na Dreamcast ilikuwa mbaya zaidi kwa hilo, ilisoma gemu za kuchoma kwenye CD ya kawaida bila hata chipu. Unaipenda mashine, unaisifia kila mahali, alafu hununui gemu. Mapenzi ya namna hiyo hayalipi mishahara ya watu.

dada_wa_kati
Nakubali ya @chuma_64 ila nataka tuiweke pembeni ya Nintendo, ndo utaona tofauti inatoka wapi.

Wii U iliuza milioni 13 na nusu tu. Hiyo ni chini hata ya GameCube, konsoli yao ya zamani iliyofika karibu milioni 22, na inakuja baada ya Wii iliyopita milioni 100! Kampuni ilipata hasara ya uendeshaji miaka mitatu mfululizo. Kwa hesabu za @chuma_64 ilitakiwa iende njia ya Sega. Lakini angalia gemu yao ya Mario Kart 8: kwenye hizo mashine milioni 13 na nusu iliuza zaidi ya milioni 8. Yani kwenye kila watu kumi wenye Wii U, sita waliichukua. Hao ndo wale wale, wachache lakini kila gemu ikitoka wanalipa bei kamili. Pamoja na akiba ya miaka ya Wii na DS, konsoli yao ya mkononi, hao ndo waliinunulia kampuni muda. Konsoli iliyofuata, Switch, ilipotoka Machi 2017 ile ile Mario Kart ikahamishiwa huko na ikapita milioni 60.

Lakini kitu kinachonigusa zaidi ni cha 2011. 3DS, konsoli yao ya mkononi iliyofuata DS, ilitoka kwa dola 249, haikwenda, na kabla miezi sita haijaisha wakashusha mpaka 169. Hapo una mashabiki waliowahi dukani siku ya kwanza wanajiona wajinga, hali ileile kabisa ya 32X. Nintendo walifanya nini? Waliomba radhi, na kila aliyenunua kabla ya punguzo akapewa gemu 20 bure, 10 za NES na 10 za Game Boy Advance, konsoli zao za zamani, na zile za Advance hawakuja kumuuzia mtu mwingine yeyote kwenye 3DS. Rais wao Iwata akajikata nusu ya mshahara wake. Mashine ikaishia kuuza kama milioni 75. Kwa hiyo @mzee_wa_pedi kabla hujauliza mashabiki walifanya nini, uliza kwanza kampuni iliwafanya nini wao.

chuma_64
Hapo kwa 32X na 3DS dada umenifungua macho, sijawahi kuziweka pamoja. Ila usisahau Nintendo walikuwa na hela benki. Sega hata wangetaka kugawa gemu 20 bure wangezitolea wapi, walishakuwa na madeni.

dada_wa_kati
Kweli, bila akiba isingewezekana. Lakini 1995 hawakuwa wamefilisika kaka, na barua ya kuomba radhi haina gharama.

pwani_254
Watu wangu mimi ni wa Xbox tangu enzi za Xbox 360, iliyokuwepo kabla ya Xbox One, na niko hapa Mombasa, wacha niseme ya kwetu.

Mei 2013 wanazindua Xbox One, sehemu kubwa ya uzinduzi wanaongea televisheni na spoti. Tena mashine iwe inaingia kwenye intaneti angalau mara moja kila saa 24, na gemu za mitumba wameziwekea masharti. Mkubwa wao Don Mattrick akaulizwa kuhusu wasio na intaneti, akajibu tunayo mashine yao, inaitwa Xbox 360. Hebu fikiria mtu wa nyambizi, mtu wa kambini, mtu wa kijijini, wote walikuwa mashabiki wake! Juni kwenye E3 Sony wakatoa video fupi sana ya jinsi ya kumwazima mwenzako gemu la PS4: mtu anampa mwenzake diski, basi, imeisha. Na bei yao 399 wakati Xbox ni 499. Tarehe 19 mwezi huohuo Microsoft wakafuta masharti yote, lakini maji yalishamwagika, Julai Mattrick akaondoka.

Sasa mkisema mashabiki hawana nguvu, ni nani aliyefuta yale masharti? Ni kelele za watu wa Xbox wenyewe pamoja na zile oda za PS4. Na baadaye Phil Spencer alipochukua usukani akaturudishia gemu za 360 zicheze kwenye One, bila kutudai tununue upya zile tulizonazo. Mimi hiyo ndo iliyonibakisha.

banda_la_moro
Ilikubakisha wewe, lakini wangapi waliondoka? PS4 ilifika milioni 117. Microsoft waliacha kutangaza idadi ya mashine walizouza toka 2015.

pwani_254
Ndio ndugu, waliondoka wengi na hawajarudi, na sababu Spencer mwenyewe aliisema 2023, kwamba kile kizazi cha Xbox One ndicho kilikuwa kibaya zaidi kupoteza kwa sababu hapo ndipo watu walianza kujaza maktaba zao za gemu za kidijitali. Ukishakuwa na gemu 80 kwenye akaunti ya PS hata Xbox mpya iwe nzuri vipi utahamaje? Zamani ulikuwa unauza mashine na CD zake unahama. Saivi hamna cha kuuza.

mzee_wa_pedi
Hapo @pwani_254 umenigusa. Shabiki wa Simba timu ikifungwa jumapili ijayo yuko uwanjani, hakuna anayemzuia kuondoka ila haondoki. Huyu mwenye gemu 80 kwenye akaunti ni shabiki au kafungwa tu? Mi naona hawa ni watu wawili tofauti na kampuni zinawahesabu kama mmoja. Aliyefungwa atabaki lakini hatakutetea, na ukipandisha bei ya mwezi kama Game Pass Ultimate, ile huduma ya Xbox ya kulipia gemu kila mwezi, ilivyopanda Oktoba 2025 kutoka dola 19.99 mpaka 29.99, ataanza kupiga hesabu. Kindakindaki naye ataumia, ila yeye ataandika, atapiga kelele, atakuambia umekosea wapi. Hizo kelele ndo Sega walizihitaji 1995.

dada_wa_kati
Na Sega baadaye walizisikia jamani, msiwafunge hapo 2001. Sonic Mania ya 2017, gemu ya Sonic yule mhusika wao maarufu, ilitengenezwa na vijana waliotoka kwenye jamii ya mashabiki, watu waliokuwa wanajitengenezea Sonic zao nyumbani. Sega ikawaita, ikawapa kazi, ikatoka gemu iliyosifiwa kuliko Sonic nyingi za miaka ile. Nintendo ninayoipenda mimi, 2016 shabiki alimaliza kuitengeneza upya Metroid 2, gemu ya zamani ya Nintendo, baada ya miaka ya kazi, ikatoka bure, Nintendo wakaifuta mtandaoni ndani ya siku chache. Sheria iko upande wao, lakini kwa hili Sega wamewashinda mbali.

mzee_wa_pedi
Mdogo wangu anasoma yote hapa pembeni yangu, kafurahi na hiyo ya Sonic Mania kama kashinda yeye. @chuma_64 swali la pembeni, kuna fundi Kariakoo ana Dreamcast anasema inawaka, nimchukulie dogo?

chuma_64
Mchukulie mkuu. Ila iwashwe mbele yako na CD ndani, usisikilize neno inawaka, usikilize lenzi, ikikwaruza kwaruza au ikijirudisha yenyewe kwenye menyu ya mwanzo shusha bei. Ikikuuliza tarehe kila ukiwasha hiyo ni betri ya ndani imekufa, inabadilishika. Na ile memori kadi yake yenye kioo kidogo inatumia betri mbili za CR2032, zipo popote zinapouzwa betri za saa. Akishaipata mwambie dogo aanze na Soulcalibur, gemu ya kupigana, alafu aje hapa atuambie.