Kwenda kujitolea nje ya nchi kwa ajili ya dini: tupeane uzoefu

Mama Neema, Chumbageni
Habari za jioni wapendwa. Binti yangu wa kwanza, miaka 23, amepata nafasi kupitia kanisa letu la Kilutheri kwenda Ujerumani mwaka mmoja, kujitolea kwenye nyumba ya wazee. Mtihani wa Kijerumani wa A1, ile ngazi ya mwanzo, anaufanya Dar mwezi ujao, pasipoti tumeshalipia ile laki moja na nusu, viza bado. Nina furaha na usingizi hauji. Mimi nimekulia Korogwe, na kule juu Lutindi tulikuwa tukiwaona vijana wa Kijerumani wanaokuja kujitolea hospitalini, tukiwahurumia walivyobabuka na jua. Sikuwahi kuwaza kwamba na wao wana mama zao huko, hawalali.
Waliokwenda, wa dini yoyote, nchi yoyote, niambieni ya kweli. Picha za theluji nimeziona za kutosha.

Sauti ya Pili, Lushoto
Shikamoo mama. Mimi nilikwenda 2017 nikarudi 2018, mji mdogo si mbali na Bielefeld. Na mimi nilipangiwa nyumba ya wazee, kwa hiyo naandika kwa kirefu, nivumilieni.

Zamu ya asubuhi inaanza saa kumi na mbili. Unasaidia kuamsha, kuandaa meza, kulisha wasioweza kushika kijiko, kusukuma viti vya magurudumu. Wiki ya kwanza nililia chooni kila siku. Kazi yenyewe haikunishinda, bibi yangu nilimwogesha mwenyewe hadi alipotutoka. Nililia kwa kujiuliza watoto wa hawa wazee wako wapi. Nikawahukumu moyoni, nikasema hawa hawana upendo. Kisha nikaanza kumwona baba mmoja wa makamo, kila siku saa kumi na moja jioni anatoka kazini anapitia pale, anamlisha mama yake ambaye hamtambui tena. Anamfuta mdomo, anambusu kwenye paji la uso, anavaa koti lake, anaondoka. Kila siku, mama. Niliona aibu mbele za Mungu.

La pili ni kanisa. Kwetu Lushoto ibada ikianza umechelewa, unakaa nje kwenye benchi. Kule, kanisa kubwa la mawe, Jumapili tuko kumi na watano, mimi ndiye mdogo kuliko wote. Nilikuwa nimezoea kubebwa na kwaya, na watu, na kelele za sifa. Nikabaki mimi na ukimya. Desemba jua linazama saa kumi na robo, ukitoka kazini ni usiku. Hapo nilikaribia kuomba kurudi nyumbani.

Kilichoniokoa ni bibi mmoja pale kazini. Alikuwa hasemi. Hata wauguzi walishazoea kwamba hasemi. Siku moja namchana nywele, naimba kimoyomoyo wimbo wa kanisani kwetu, sauti ikanitoka. Nyimbo zetu nyingi za Kilutheri zilitoka kwao, sauti ni ileile. Nikafika ubeti wa pili kwa Kiswahili, bibi akaingia kwa Kijerumani. Maneno yote, hakukosea hata moja. Muuguzi alisimama mlangoni na trei mkononi. Tangu siku ile tulikuwa tunaimba kila asubuhi, kila mtu kwa lugha yake, mpaka Machi alipofariki. Nilipelekwa mazikoni nikaimba kwa Kiswahili peke yangu.

Mengine kwa haraka. Akifika ajiandikishe ofisi ya mji, sheria inampa wiki mbili. Koti nililonunua mitumba ya Tangamano lilikuwa zito lakini mvua ilipenya, anunue kule, yapo yaliyovaliwa na ni bei nafuu. Jumapili maduka yamefungwa, chakula anunue Jumamosi. Chumba, bima na nauli ya ndege kwangu vililipwa na mpango wenyewe, na nilipewa posho ya mfukoni. Posho hiyo haitoshi kutuma nyumbani. Waambie wajomba mapema! Mimi nilirudi na begi moja na mjomba hakuongea nami miezi miwili, alikuwa ameshanipangia mchango wa bati.

Nahodha, Makorora
Assalaam alaykum wote. Mama Neema, mimi ni Mwislamu, nilitoka miezi minne India mwaka 2011 na jamaa ya tabligh, yaani kundi linalosafiri kuwahimiza Waislamu wenzao kwenye ibada. Tulifikia Nizamuddin, Delhi, kisha tukaelekezwa Mewat, ambako kazi hii ilianzia miaka ya 1920. Tunalala msikitini, tunajipikia, alasiri tunafanya gashti, tunapita nyumba kwa nyumba kuwaita watu, mwenyeji anasema na sisi tunasimama nyuma yake kwa dhikri. Kila mtu kwa gharama zake.

Mimi nilikwenda nikidhani nitatoa bayana, yale mawaidha msikitini. Amiri, kiongozi wetu, akanitia kwenye khidma, jikoni, vitunguu na dengu, siku kumi mfululizo. Mvuvi wa Tanga, nazi hakuna, samaki hakuna. Nilinuna. Mzee mmoja wa pale kijijini, mkulima, akawa anakuja baada ya swala ya alfajiri anakaa chini anamenya pamoja na mimi. Lugha hatuelewani. Sijawahi kufundishwa unyenyekevu na mtu mwingine namna ile.

Lakini nitasema na kosa langu. Kabla ya kutoka, kwenye mashauri, kile kikao cha kupanga safari, niliulizwa: nyumbani umeacha matumizi gani? Nikasema nimeacha ya kutosha. Nilikuwa nimeacha ya miezi mitatu. Mwezi wa nne mke wangu aliuza cherehani yake. Hakunipigia simu kuniambia, alisema hakutaka kunitoa kwenye ibada. Nilirudi nikakuta kona ile iko tupu. Nimemnunulia nyingine, na mpaka leo nikiiona najua nilidanganya kwenye mashauri.

Na viza, ndugu zangu. Nendeni na viza inayoruhusu mnachokwenda kufanya. Mwaka 2020 corona ilipoingia, wageni wa tabligh kutoka nchi nyingi walikwama India, wengi wakashtakiwa kwa kuvunja masharti ya viza zao.

Mama Swaumu, Ngamiani
Nahodha umesema kweli na Allah akulipe kwa kusema. Mume wangu naye alitoka miezi minne. Thawabu tunagawana, nakubali. Lakini mtoto alipougua usiku nilikuwa peke yangu na bodaboda. Anayeondoka aache namba ya mtu mmoja hapa mtaani, ambaye amekubali kwa mdomo wake kwamba akiitwa saa nane usiku atakuja.

Ustadhi, Duga
Nilifundisha Qur'ani Ngazija, Komoro, miezi minane. Nilidhani Kingazija nitakielewa kwa Kiswahili changu. Watoto walinicheka wiki nzima. Nikawaomba wanifundishe, kila mmoja neno moja kabla ya somo. Baada ya hapo darasa lilikuwa langu.

Kijana wa Dunda, Bagamoyo
Mama, sijaenda popote, ila nimekulia karibu na misheni. Mapadri wa Roho Mtakatifu walifika hapa 1868, na makaburi ya wamisionari yapo mpaka leo chini ya miti. Utotoni tulikuwa tunatoa hesabu kwenye yale mawe, mwaka wa kufa toa mwaka wa kuzaliwa. Wengi hawakufika arobaini. Homa tu. Na wao mtu aliwalilia kwao. Kwa hiyo nakuomba jambo moja: bima ya afya ya dada uione kwa macho yako, yenye jina lake, kabla hajapanda ndege.

Mama Neema, Chumbageni
Nimesoma yote na Neema amesoma, tumelia kidogo. Bima nitaiulizia kesho ofisi ya dayosisi. Wajomba nimewapigia wawili, mmoja ameelewa. Nahodha, nimemwambia baba yake habari ya cherehani, akanyamaza muda mrefu.

Halafu nikamuuliza Neema nyimbo ngapi anazijua mpaka mwisho bila kitabu. Amehesabu, ni nne. Mimi ninazo kama ishirini. Tumeanza leo, yeye anaosha vyombo, mimi naimba anafuata.