Soya nilizochavusha mwenyewe zimetoka mchanganyiko, naombeni ushauri

Jembe Butu: Wakuu, niko Mbozi. Nilichavusha soya kwa mkono: mama ua jeupe, punje nene; baba ua zambarau, maganda mengi. Kizazi cha kwanza mimea yote zambarau, imebeba hadi chini. Nikarudishia mbegu zake, sasa nyeupe zimechomoza, punje kubwa kwa ndogo, mingine haijazaa kitu. Nifanyeje? Silali.

Bibi Shamba: Kaanga, saga, tia kwenye uji wa lishe. Wajukuu zangu wamenenepa kwa soya.

Mzee wa Uyole: Ndivyo kizazi cha pili kinavyogawanyika. Rangi ya ua ni jeni moja, nyeupe inarudi kama mmea 1 kati ya 4. Mavuno ni jeni nyingi, tena mvua na mbolea vinaingilia; mmea mmoja ulionona usikudanganye. Uzito wa punje unarithika vizuri zaidi, anza na huo. Mbegu za kila mmea panda mstari wake, hadi kizazi cha 5 au 6 mbegu zitulie.

Jembe Butu: Misimu yote hiyo siwezi.

Ngosha: Kwa nini? Funguka.

Jembe Butu: Wanakikundi walishalipia nusu ya bei ya mbegu hii. Sio utapeli, waliiona shambani kwa macho yao. Nachekecha, nawapa punje kubwa tu.

Mzee wa Uyole: Chekeche haijui punje imetoka mmea gani.

Ngosha: Na TOSCI, wale wakaguzi wa mbegu wa serikali, hawajakanyaga hapo! Mjomba alinunua alizeti ya namna hiyo, hadi leo hasalimiani na muuzaji.

Sumu ya Panya: Hii chai. Kitumba cha soya ni kama punje ya mchele, ulikifunguaje? Na ulijuaje kimeshika?

Jembe Butu: Kwa kibano cha nyusi cha shemeji yako. Nikatoa sehemu za kiume zenye chavua kabla ua halijafunguka, nikapaka chavua ya baba. Ganda likatoa punje zenye kitovu (kile kidoa punje iliposhikia ganda) cheusi cha baba. Cha mama ni kahawia.

Sumu ya Panya: Umejikaanga! Ngozi ya punje ni mwili wa mama. Kitovu cha baba unakiona msimu unaofuata, kwenye punje za mtoto.

Jembe Butu: Ndio msimu huohuo ninaousema! Acha kunivizia maneno.

Mzee wa Uyole: Ingekuwa mbegu za kuchanganyika guniani, zambarau zisingezaa nyeupe. Mimi namwamini.

Sumu ya Panya: Picha basi.

Jembe Butu: Kamera ya simu imekufa.

Bibi Shamba: Hizo ndogo ulizochekecha, debe shilingi ngapi?