i5 ya zamani kurekodi kamera 4 za nyumbani, inatosha?

Wandugu, niko Mukono, Uganda. Nina kompyuta ya mezani, prosesa i5-6500, RAM GB 8, diski GB 500. Kamera 4 za megapikseli 4, zirekodi saa 24, nibaki na rekodi za siku 14. Nibadilishe nini?

Jibu 1
Prosesa haina shida, diski ndiyo itakuangusha. Kwa H.265 (njia ya kubana video), kamera moja ipe Mbps 4 (megabiti kwa sekunde). Nne ni 16, yaani MB 2 kila sekunde, karibu GB 173 kwa siku. GB 500 inajaa siku ya tatu! Siku 14 ni TB 2.4, kwa hiyo chukua TB 4 ya kazi hiyo, WD Purple au SkyHawk. Windows ibaki kwenye SSD ndogo.

Jibu 2
Na utambuzi wa mwendo upe mkondo mdogo wa kamera (video yake ya pili, ya ubora wa chini), 640×360 unatosha. Ukiupa ule mkubwa, kazi ya prosesa inapaa na rekodi zinakatika-katika.

Muulizaji
Diski ya TB 2 je?

Jibu 1
Shusha hadi Mbps 3 kwa kila kamera na fremu 12 kwa sekunde, utapata kama siku 15. Usiku wenye mvua picha itachafuka kidogo.

Jibu 3
UPS (betri ya akiba) ibebe na swichi ya PoE, ile inayopeleka umeme kwa kamera kupitia waya wa mtandao, ssebo. Kompyuta ikibaki hai huku kamera zimezima, unarekodi giza. Kwenye BIOS (mipangilio ya kompyuta kabla Windows haijawaka) weka ijiwashe umeme ukirudi.