Hesabu ni ushahidi kwamba Mungu yupo? Mdahalo wa kidato cha sita, Moshi

Mwl_Advance (Moshi):
Wakuu, habari za jioni. Vijana wangu wana mdahalo Jumamosi, na mada ndiyo hiyo hapo juu. Wanaounga mkono wamekuja na hoja tatu: uthibitisho wa mwanamantiki Gödel kwamba Mungu yupo, mpangilio wa macho ya nanasi, na kile kisa cha mwanahisabati Euler kumnyamazisha mwanafalsafa Diderot, asiyeamini Mungu, kwa fomula. Ipi inasimama, na ipi itawaumbua?

Njiro_Mantiki:
Mwalimu, Euler mtoe kabisa. Kisa kinadai Diderot hakujua hesabu, ilhali alichapisha makala zake za hesabu mwaka 1748. Na ile fomula, (a + bⁿ)/n = x, haimhusu Mungu kwa lolote.

Gödel ni mzito. Andiko lake la 1970 lilichapishwa 1987, yeye akiwa ameshafariki. Lina aksiomu tano (kauli zinazokubaliwa bila kuthibitishwa), na "chanya" humo ni njema: sifa au kinyume chake, kimoja tu ndicho chanya; kinachofuata kwa lazima kutoka sifa chanya nacho ni chanya; kuwa na sifa zote chanya (hivyo ndivyo anavyomfafanua Mungu) ni chanya; sifa chanya ni chanya kwa lazima; na kuwepo kwa lazima ni sifa chanya. Ukizikubali zote, huna pa kutokea: Mungu yupo kwa lazima.

Mwaka 2013 watafiti Benzmüller na Woltzenlogel Paleo walikagua hatua hizo kwa kompyuta. Toleo lililorekebishwa na Dana Scott lilipita. La Gödel mwenyewe lilikutwa linajipinga. Ila kompyuta hukagua hatua tu, aksiomu haizigusi. Kibaya zaidi, mwaka 1987 mwanafalsafa Sobel alionyesha kwamba aksiomu hizo hizo zinazaa hili: kila kilicho kweli ni kweli kwa lazima. Hapo hiari ya binadamu imekwenda na maji. Wapinzani wakiliuliza hilo, wanaounga mkono watajibu nini?

Takwimu_Sakina:
Nanasi ni rahisi kulipima. Chukua moja pale sokoni Mbuyuni, tia alama ya wino kwenye jicho moja ili usihesabu mara mbili, kisha hesabu mistari inayopanda kuelekea kulia, halafu ya kushoto. Mara nyingi utapata 8 na 13, namba za Fibonacci (kila moja ni jumla ya mbili zilizoitangulia). Lakini sababu inajulikana: kila chipukizi huota penye nafasi, karibu nyuzi 137.5 kutoka lililotangulia. Ukuaji wenyewe unatosha kueleza.

Swali lenye nguvu ni lile la mwanafizikia Wigner, 1960: kwa nini maumbile yanatii hesabu kiasi hiki? Mnajimu Le Verrier alikokotoa kwa kalamu mahali ilipo sayari ya Neptune, kabla haijaonekana. Mwaka 1846 mwenzake Galle akaielekeza darubini huko Berlin na kuikuta ndani ya nyuzi 1. Hapo tumia kanuni ya Bayes, ya kurekebisha imani kwa ushahidi. Mfano, mtu anaanza na imani ya 20%, yaani 1 ya "yupo" kwa 4 za "hayupo". Tuseme uwezekano wa kuona mpangilio huu ni 0.9 kama Mungu yupo, na 0.6 kama hayupo. Uwiano, 0.9 kugawanya kwa 0.6, ni 1.5, kwa hiyo inakuwa 1.5 kwa 4, takriban 27%. Imepanda, basi.

Wanafunzi hukosea sehemu mbili. Wanaisahau ile 0.6. Halafu wanazidisha 1.5 kwa Neptune, tena 1.5 kwa positroni (chembe iliyotabiriwa kwa hesabu kabla ya kuonekana), kana kwamba ni mashahidi wawili wasiojuana. Zote ni jambo lile lile: maumbile kutii hesabu.

Mbishi_wa_Usa:
Dada, hiyo 0.6 umeitoa wapi? Ulimwengu usio na mpangilio usingekuwa na mtu wa kuuliza. Mimi naweka 0.85.

Takwimu_Sakina:
Weka, kaka. Uwiano unashuka hadi 1.06 na imani inaishia 20.9%. Ugomvi wote uko kwenye namba hiyo moja, na dakika zao wazitumie hapo.

Mwl_Advance (Moshi):
Nimewapata. Euler na nanasi nje, Gödel abaki akiba. Mada ibadilike?

Njiro_Mantiki:
Ongeza "kiasi gani" tu: "Hesabu ni ushahidi kwa kiasi gani kwamba Mungu yupo?" Na kila upande uandike namba zake ubaoni kabla ya kuanza kusema.