Uzi wa uzoefu: ulichagua klasi gani ya mhusika hadi kundi lenu likakaa sawa? (D&D)

dadu20 (mleta uzi)
Wadau, salaam. Jumamosi naanza kuendesha kampeni mpya (hadithi ya vikao vingi) ya mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika, Dungeons & Dragons. Wachezaji ni watano, wawili hawajawahi kurusha dadu ya pande 20, na wote wananiuliza: nichukue klasi gani, yaani mhusika wa aina gani? Kitabu cha wachezaji cha 2014 tunachotumia kina klasi 12, na mgeni ukimwachia azisome peke yake anachoka kabla ya mchezo. Naomba visa vyenu, yaliyowakuta mezani.

Nianze na changu. Kampeni yangu ya kwanza nilifika wa mwisho. Wenzangu walishajigawia faita (mpiganaji), rogi (mwizi wa kuvizia) na wizadi (mchawi msomi), nikaambiwa, "Wewe kleriki, tunahitaji wa kututibu." Nikakubali. Miezi minne kazi yangu ikawa kukimbilia majeruhi. Uchawi wa Cure Wounds lazima umguse mtu, unakula kitendo chako chote cha zamu, na unarudisha dadu moja ya pande 8 pamoja na nyongeza yako. Kwangu ilikuwa pointi saba za uhai hivi. Jitu Ogre akishusha rungu lake anaondoa 13 kwa wastani. Nilikuwa nateka maji kwa pakacha. Sitaki mgeni wangu yeyote apitie hayo.

rungu_na_ngao
Pole sana mkuu. Kleriki ni klasi nzuri mno, walikukosea kwa kuifanya zahanati. Anavaa deraya, anapiga, anachoma wafu kwa mwanga.

Sisi hapa Nairobi tulicheza karibu mwaka bila kleriki. Tulikuwa na badi, mwimbaji mwenye uchawi, aliyekuwa na uchawi wa tiba wa Healing Word, basi. Ule unatumia kitendo cha ziada, unafika futi 60, na badi anabaki na kitendo chake kikuu. Dadu yake ni ya pande 4, kidogo kweli, ila hatukuutumia kumjaza mtu damu. Mtu akianguka, pointi zake zimefika sifuri, badi anaimba neno moja, yule anainuka na zamu yake hajaipoteza. Hapo ndipo tiba ina thamani, maana aliyelala anarusha dadu ya kifo kila zamu, akifeli mara tatu amekwenda, na adui akimpiga kwa karibu pale chini anahesabiwa kufeli mara mbili kwa mpigo. Kwa hiyo swali letu lilikuwa: nani anaweza kumwinua mwenzake akiwa mbali? Badi anaweza, druidi (mchawi wa mwituni) pia.

kivuli_cha_ukuta
Mimi rogi damu. Ila kuna kampeni nilijuta, na walioiharibu ni wenzangu niliowapenda. Wizadi, woloki (mchawi wa mkataba), na reinja (mwindaji) wa upinde. Wote watatu wanasimama nyuma kabisa.

Kwa asiyejua: pigo la kuvizia la rogi ndiyo nguvu yake yote, na linataka mojawapo kati ya mawili. Ama uwe na nafasi ya kurusha dadu mbili uchukue kubwa, ama mwenzako awe ndani ya futi 5 za adui unayempiga. Sikuwa na mwenzangu yeyote pale mbele. Levo ya kwanza nikawa natoa pigo la upanga mfupi tu, kisha nazingirwa mimi. Levo ya pili nikapata ruhusa ya kujificha kwa kitendo cha ziada, nikaweka upanga chini nikashika upinde, mambo yakanyooka. Lakini tukawa kundi la watu wanne wanaorudi nyuma, na kila goblini aliyekimbia moja kwa moja alitufikia.

Tangu hapo kabla sijachagua namuuliza kila mtu: utasimama wapi?

mkaa_ughaibuni
Niko Minnesota, nacheza na kundi la zamani. Wazee wa hapa hukumbusha kwamba mchezo ulipotoka 1974 klasi zilikuwa tatu tu: mpiganaji, kleriki na mtumia uchawi. Mwizi aliongezwa 1975. Ndiyo maana watu wamekariri kwamba kundi ni hao wanne. Toleo la nne, la 2008, liliandika kazi zenyewe waziwazi: wa kulinda, wa kuumiza, wa kuongoza wenzake, wa kuudhibiti uwanja. Toleo la tano likaacha kuandika, lakini mimi bado nazitumia, hasa kwa wageni.

Na usiishie kwenye klasi. Wizadi wetu alichagua shule ya uchawi wa kinga levo ya pili. Levo ya tano akapata Fireball, mpira wa moto: dadu nane za pande 6, duara la futi 20 kila upande. Barbari wetu, mpiganaji wa hasira, yuko katikati ya maadui kila pambano, ndiyo kazi yake. Wizadi angechagua shule ya Evocation, ya uchawi wa kulipua, angeweza kuwaacha salama hadi watu wanne ndani ya moto ule ule. Tulimaliza kampeni nzima Fireball imerushwa mara mbili.

bi_zumari
Mimi niko Muscat, tunacheza kwa Discord na ndugu zangu wa Unguja. Wanaume wanne, wote faita na barbari! Vita walishinda vyote. Tukafika kwenye lango la mji, mlinzi anauliza mnatoka wapi, kimya. Hakuna mwenye haiba hata moja. Nikaingia na paladini, shujaa wa kiapo: anaongea, anasimama mbele, na mikono yake ina pointi tano za tiba kwa kila levo. Nampenda yule paladini mpaka leo.

Kaka dadu20, nakuomba kitu kimoja. Wifi yangu alipewa druidi kwa sababu "kundi linakosa", naye alitaka rogi. Alikuja mara tatu, hajarudi tena. Wageni wako wawili wachague wao kwanza, wazoefu wazibe mapengo.

dadu20 (mleta uzi)
Dada, nimekuelewa na nitafanya hivyo. Nimewapigia wageni usiku huu: mmoja anataka barbari, mwingine anataka "yule anayejigeuza mnyama". Kwa hiyo mbele tunaye mtu, na Healing Word tunayo kwa druidi. Wazoefu watatu bado wanabishana nani awe msemaji. Badi au paladini, mnasemaje?