Damu ikishafika unyayoni, nini kinairudisha juu?

MaalimWete
Asalaam aleikum wenzangu. Kidato cha tatu wameingia mada ya mzunguko wa damu, na swali lililonikalia darasani ni hili: moyo uko kifuani, damu inashuka hadi unyayoni, na kule chini hakuna moyo mwengine. Inapandaje? Kitabu cha skuli kinasema "moyo husukuma" na kinaishia hapo. Naomba maelezo yenye hesabu, na jaribio la kufanya bila ya vifaa vya maabara. Tena wanafunzi wameshikilia kwamba ateri (mishipa itokayo moyoni) ni za damu safi na vena (mishipa irudiyo moyoni) ni za damu chafu. Nianzie wapi kuwatoa hapo?

Tabibu_Chake
Waaleikumu salaam Maalim. Wanafunzi wameuliza penyewe hasa.

Moyo wa mtu mzima aliyetulia hutoa kiasi cha mililita 70 kwa pigo moja. Ukipiga mara 70 kwa dakika ni karibu lita 5, yaani takriban damu yote aliyonayo. Kwa siku nzima ni zaidi ya lita 7,000: tangi la lita elfu moja la juu ya paa, lijae na kumwagwa mara saba.

Presha ya kutokea kwenye aota, ateri kuu itokayo moyoni, ni kama milimita 120 za zebaki moyo unapobana na 80 unapolegea. Presha hiyo huliwa njiani, na mlaji mkubwa ni ateri ndogo ndogo zenye misuli ya kujibana na kujilegeza. Damu inaingia kwenye kapilari, mishipa myembamba kabisa, ikiwa na kama 35, inatoka upande wa vena na 15 hivi, na mlangoni mwa moyo imebaki karibu na sifuri.

Sasa msimamishe mtu wima, asitikisike. Toka moyoni hadi kifundo cha mguu ni kama sentimita 120, na kila sentimita 10 za damu zina uzito wa karibu milimita 8 za zebaki. Vena za kifundoni zinajikuta zimebeba 90 au zaidi. Hapa walimu wengi huteleza: uzito huo huo umeongezeka kwenye ateri pia, kwa hiyo msukumo wa moyo haujafa, na damu bado inapanda. Taabu ni kuwa ukuta wa vena ni laini. Vena zinatanuka, damu inatuama miguuni, na ile inayorudi moyoni inapungua.

Kinachookoa ni shavu la mguu. Vena kubwa za ndani zimepita katikati ya misuli hiyo. Ukipiga hatua misuli inabana, vena inakamuliwa, na vilango vilivyomo ndani vinafunguka kuelekea juu tu. Misuli ikilegea vinajifunga, damu haishuki tena. Hatua chache tu na ile 90 inashuka hadi chini ya 30. Pumzi nayo inasaidia: ukivuta hewa, kiwambo, yaani msuli ulio chini ya mapafu, kinashuka, tumbo linabanwa na kifua kinavuta.

MuuguziMkoani
Tabibu kasema kweli, naongeza upande wa wodini.

Mwanafunzi anayeanguka kwenye gwaride mara nyingi hana ugonjwa wowote: kasimama muda mrefu magoti yamekazwa, damu imetuama miguuni, ubongo umepungukiwa. Mlazeni chali, miguu inyanyuliwe kama sentimita 30. Msimnyanyue akae wala kumshikilia wima, maana hapo mnamzuilia damu ile ile anayoihitaji, na msimtie maji mdomoni kabla hajazindukana vizuri. Kabla ya hapo, waambieni wawe wanapanda na kushuka kwa vidole vya miguu.

Mwenye kusimama kutwa nzima, muuza duka au mpishi, jioni viatu vinambana kwa sababu hiyo hiyo. Vilango vikishaharibika, vena zinajipinda na kutokeza chini ya ngozi. Hilo si la haraka. La haraka ni mguu mmoja tu kuvimba, ukauma na kuwa na moto, hasa baada ya safari ndefu ya ndege, kulazwa au kujifungua: huenda damu imeganda ndani, na donge likikatika linakwenda mapafuni. Hospitali siku hiyo hiyo, na mguu usikandwe. Miguu yote miwili ikivimba na mtu akakosa pumzi anapolala chali, hapo moyo wenyewe uangaliwe.

MwalimuFiziolojia_Mjini
Maalim, kuhusu damu safi na chafu: wafundishe kwa uelekeo. Ateri hutoka moyoni, vena huingia moyoni, basi. Ateri ya mapafu imebeba damu iliyopungukiwa na oksijeni, na vena za mapafu zinarudisha iliyojaa. Neno "chafu" liacheni. Damu ya vena ni nyekundu iliyokoza, na bado ina oksijeni nyingi. Waambie pia kwamba Ibn al-Nafis, tabibu wa Kairo wa karne ya 13, ndiye aliyeandika kuwa damu haipenyi ukuta wa katikati ya moyo bali huzunguka kupitia mapafu. Watoto wetu wanafaa kulijua jina hilo.

Jaribio ni la William Harvey, tabibu Mwingereza, la 1628. Funga kitambaa juu ya kiwiko, kiasi cha vena kujaa huku mapigo ya kwenye kifundo cha mkono yakisikika. Tafuta vena iliyonyooka yenye vijifundo. Hivyo ndivyo vilango. Bonyeza chini ya kijifundo kimoja, upande wa kiganja, kwa kidole kimoja, kisha kwa kidole cha pili kamua damu kwenda juu mpaka uvuke kijifundo hicho, ukiachie kidole cha pili. Vena itabaki tupu hadi kwenye kilango, haijazwi kutoka juu. Achia kidole cha chini: inajaa papo hapo. Fungua kitambaa baada ya dakika moja au mbili.

MaalimWete
Shukran sana. Na kama vena hazionekani?

MwalimuFiziolojia_Mjini
Chagua mwenye mkono mkavu, si aliyenona. Auning'inize dakika moja, afumbe na kufumbua ngumi mara kumi. Ikishindikana, auchovye kwanza kwenye maji ya uvuguvugu.